Jinsi ya Kuukosa Mzinga kwa Tani 5,000 za Mabomu

Kabla ya yote, tafuta mzinga. Sisemi wa nyuki, ingawa mrina asali ana mengi ya kumfundisha rubani wa ndege za mabomu: naye huenda usiku, huenda na moto, na hajui nyuki wamelalaje humo ndani. Tofauti yao ni moja tu. Mrina asali hupanda mti wenye mzinga.

Mzinga wetu uwe wa pwani. Uwe na mdomo wa milimita 155 hivi, uwe unaitazama bahari, na ikiwezekana uwe umejengewa banda la zege lenye unene wa mita 2. Ufaransa ya mwaka 1944 ilikuwa nayo tele, maana Wajerumani walikuwa wameshinda miaka wakimwaga zege ufukweni wakimngoja mgeni. Mgeni mwenyewe alikuwa ng'ambo ya maji, anafunga mizigo. Kazi yako wewe ni kumtangulia usiku mmoja ukazime ile mizinga, ili akifika asubuhi apokewe kwa ukimya.

Mimi ninayekuandikia haya sijawahi kurusha hata tiara bila kulinasisha kwenye mwembe wa jirani. Lakini miongozo mingi ya vita iliandikwa na watu wa namna yangu, basi tuendelee.

Tafuta ndege. Moja haitoshi, na kumi pia hazitoshi. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944, meli za Washirika zikiwa njiani kwenda Normandy, Waingereza walirusha ndege 1,012 dhidi ya ngome kumi za mizinga: Lancaster 551, Halifax 412 na Mosquito 49. Piga hesabu mwenyewe. Ni ndege mia moja kwa ngome moja, na ngome yenyewe ina mizinga minne au sita. Ukoo mzima umeitwa kuua nyoka mmoja, na nyoka yumo shimoni.

Utauliza kwa nini mia. Jibu lake lina aibu kidogo. Mwaka 1941 mtumishi mmoja wa serikali, Butt kwa jina, alikabidhiwa picha zilizopigwa na ndege zenyewe wakati wa kudondosha mabomu. Akakaa nazo, akahesabu. Katika kila ndege tatu zilizodai kuwa zimepiga lengo, moja tu ndiyo iliyokuwa imefika ndani ya kilomita 8 kutoka lengo hilo. Kilomita nane! Ni kama kulenga Kariakoo ukapiga Mwenge, kisha ukarudi nyumbani na kuandika kwa mwandiko mzuri kwamba Kariakoo imekwisha. Na hao walikuwa wanatafuta miji. Wewe unatafuta kitu chenye ukubwa wa daladala, kimefunikwa wavu, gizani.

Mkuu wa ndege hizo, Arthur Harris, hakuitaka kazi hii. Alikuwa amekwisha kuwaandikia wakubwa mwanzoni mwa 1944 kwamba vijana wake wamefunzwa kupiga miji ya Ujerumani usiku, na kwamba vitu vidogo vidogo kama mizinga ya pwani si saizi yao. Hoja yake usiidharau. Mji una hisani yake: ukiukosa mtaa mmoja, bomu lako litapata mwingine, na ripoti itasomeka vizuri vilevile. Mzinga hauna hisani hiyo. Ukiukosa, umeukosa. Hata hivyo Harris aliamriwa, akapiga saluti, akatoa ndege.

Ukishapata ndege, tunza siri. Hapa ndipo wanafunzi wengi hufeli, kwa sababu hudhani siri ni kunyamaza. Siri ya kweli ina kelele nyingi. Ukipiga ngome moja ya Normandy, sharti ukapige na nyingine mbili mahali usipokuwa na haja napo, hasa kule Pas-de-Calais, ili Mjerumani asijue mgeni anashukia bandari gani. Kwa hiyo katika bajeti yako, kila bomu la maana liwekee mawili ya kuzugia. Usiku wenyewe tulionao, kikosi cha 617, kile kilichobomoa mabwawa ya Ujerumani mwaka 1943, kilikesha kikizunguka juu ya maji na kumwaga vipande vya karatasi ya alumini, ili rada za Wajerumani zione msafara wa meli zisizokuwepo ukielekea Cap d'Antifer. Kati ya kazi zote za usiku ule, ni hiyo peke yake ambayo mtu alipongezwa kwa kutogonga kitu.

Askari wa miguu nao walikuwa na mtihani wao wa siri. Luteni Kanali Terence Otway, aliyetakiwa kuiteka ngome ya Merville kwa askari wa miavuli, alijengesha mfano wake mzima huko Berkshire, akawafanyisha vijana wake mazoezi mpaka wakaota zege. Kisha akaomba wasichana warembo 30 kutoka jeshi la anga la wanawake, wakavalishwa kiraia, wakapelekwa kwenye baa za karibu wawachombeze askari waseme wanakwenda wapi. Hakuna aliyesema. Historia haituambii wasichana walijisikiaje.

Sasa wapange watu wako saba. Rubani mwite nahodha, hata kama ana miaka 21 na cheo chake ni sajenti huku msoma ramani ni afisa. Angani cheo hubaki mlangoni. Fundi wa injini akae kando yake. Msoma ramani na mtu wa redio wakae nyuma yao, na msoma ramani awe na pazia la kuziba taa yake ndogo. Wapo waliomaliza safari zao zote bila kulifungua, kwa madai kwamba kilichoko nje hakitamsaidia mtu kupiga hesabu. Mlenga mabomu alale kifudifudi puani. Mpiga bunduki mmoja awe mgongoni. Wa saba mfungie mkiani, peke yake, kwenye kizimba cha kioo kinachosafiri kinyumenyume; yeye dunia ataiona ikiwa imekwisha kupita.

Kabla ya kuondoka wape mayai. Uingereza ya vita raia alipata yai moja kwa wiki, tena akibahatika, lakini mtu wa ndege za mabomu alikaangiwa la kwenda na la kurudi. Mezani usisahau kumuuliza mwenzako, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayeomba chumvi: usiporudi, yai lako nile mimi? Atakujibu kula, na wote mtacheka. Watu wapatao 125,000 walirushwa na jeshi la ndege za mabomu la Uingereza katika vita nzima, na 55,573 wakafa.

Hesabu ya safari nayo ijue. Mtu akitimiza safari 30 hupumzishwa. Lakini katika majira ya kuchipua ya 1944 wakubwa waliona kwamba Ufaransa iko karibu mno, hapo tu, mtu anakwenda na kurudi chai haijapoa. Wakaamua safari ya Ufaransa ihesabiwe theluthi moja. Ukienda mara tatu, umekwenda mara moja. Hesabu hiyo ilidumu hadi usiku wa kuamkia tarehe 4 Mei, Lancaster 42 zilipokosa kurudi kutoka Mailly-le-Camp. Baada ya hapo mtu aliyekufa Ufaransa alitambuliwa kuwa amekufa kwa ukamilifu.

Wakishakula, waingize kwenye banda la mabati, funga mlango, vuta pazia la ramani. Utepe wa rangi utaonyesha njia. Tarehe 5 Juni utepe ulikuwa mfupi, wakafurahi. Waambie mizinga ni hii, kimo ni hiki, na kwamba leo, tofauti na siku nyingine, ni marufuku kabisa kutupa bomu baharini hata ndege ikiwa na shida. Usiwaambie sababu. Wengi hawakuambiwa kuwa huo ndio usiku wenyewe. Kijana anakatazwa kutupa mabomu baharini, anaondoka akijiuliza samaki wameanza lini kupendwa hivyo na serikali.

Nje, ndege inangoja. Lancaster ina mabawa ya mita 31 kutoka ncha hadi ncha na injini nne, na tumboni umeipakia mabomu 11 ya kilo 450 na manne madogo yake. Zunguka nyuma, fungua suruali, kojolea gurudumu la mkia. Wengi walifanya hivyo, na si kwa utovu wa adabu. Lilikuwa tambiko, pamoja na skafu ya mchumba, mdoli mfukoni na sarafu ya bibi. Isitoshe, choo cha humo ndani ni ndoo ya dawa iliyoko karibu na mkia, na kuifikia gizani, umevaa mavazi ya tabaka tatu, huku ndege ikiyumba, ni safari ambayo ingestahili kuhesabiwa yenyewe kama theluthi.

Paa.

Safari yenyewe nitaipita haraka, maana ni giza na baridi. Nitakachokieleza ni jinsi ya kumlenga usiyemwona, kwa kuwa hapo ndipo akili za watu zilipotumika kweli.

Waingereza walitengeneza chombo wakakiita Oboe. Oboe ni ndugu wa zumari yetu ya pwani, na chombo hicho kilipewa jina hilo kwa sababu ya sauti yake masikioni mwa rubani. Mitambo miwili inakaa Uingereza. Ndege ndogo ya mbao, Mosquito, inatangulia juu kabisa. Mtambo wa kwanza unaipima umbali: ikisogea upande mmoja rubani anasikia nukta, ikisogea upande wa pili anasikia vistari, na ikiwa njiani sawasawa anasikia mlio mmoja mnyoofu usiokatika. Kwa hiyo anachora tao angani, kama mbuzi aliyefungwa kamba kwenye mti ulioko ng'ambo ya bahari. Mtambo wa pili unangoja mbuzi afike mahali palipopimwa, kisha unamwambia: sasa. Naye anadondosha mabomu ya rangi, mekundu au ya kijani. Chini panawaka kama Darajani usiku wa sikukuu, na wewe uliye nyuma na mizigo mizito unaambiwa ulenge zile rangi.

Ni kazi nzuri mno. Ukilinganisha na mwaka 1941, wakati watu walipokuwa wakikisia kwa kuangalia mito, huu ni muujiza. Kasoro yake ni kwamba zumari inakupeleka penye mzinga uliochorwa kwenye ramani. Kama mzinga umehama, zumari haina habari.

Usiku ule palikuwa na mawingu. Katika ngome kumi, mbili tu, La Pernelle na Ouistreham, ndizo zilizoonekana. Nyingine nane zilipigwa kwa zumari peke yake, watu wakilenga mwanga uliotawanyika ndani ya wingu kama taa ya chumbani inayoonekana kupitia chandarua.

Mlenga mabomu sasa ndiye mwenye ndege. Sikiliza jinsi anavyosema: "Kushoto-kushoto. Kulia. Tulia. Tulia." Kushoto hutajwa mara mbili na kulia mara moja, ili kelele za injini zikimeza neno, nahodha ajue upande kwa kuhesabu mapigo. Halafu: "Yamekwenda!" Ndege inaruka juu kwa wepesi, kama punda aliyetuliwa magunia.

Usigeuke! Kila mtu humo ndani, akiwemo yule wa mkiani, anataka ugeuke, na ndiyo maana naiweka alama ya mshangao. Unatakiwa uendelee kunyooka kwa nusu dakika hivi, mizinga ya kutungulia ndege ikikuhesabia, mpaka bomu la mwanga lilipuke na kamera ipige picha ya mahali mabomu yalipoangukia. Ile hesabu ya Butt haikusahaulika. Serikali ilitaka ushahidi. Basi unanyooka na kunyooka, unasali kwa dini zote unazozijua, na ukifika nyumbani picha inasafishwa na kuletwa mezani. Ni picha ya wingu.

Ndege 946 zilidondosha mzigo wake usiku huo, tani zisizopungua 5,000, nyingi kuliko usiku wowote uliotangulia wa vita hiyo. Ndege tatu tu hazikurudi. Kwa vipimo vya kazi hii, hayo ni mafanikio, lakini kejeli ina mipaka: tatu ni watu ishirini na moja.

Sasa tukague tulichovuna.

Merville, mabomu yaliikosa ngome yakaelemea kijiji cha Gonneville na malisho. Ng'ombe wengi walikufa bila kujua walikuwa upande gani wa vita. Kikundi cha Otway kilichotangulia kupeleleza nusura kimalizwe na mabomu ya wenzao. Otway mwenyewe alipangiwa askari wapatao 750. Miavuli ikawatawanya, akajikuta ana 150, akaingia hivyo hivyo kwa miguu. Ndani wakakuta mizinga iliyokuwa ikidhaniwa ya milimita 150 ni ya milimita 100 tu, ya Kicheki. Zege lilikuwa la ukubwa uliotajwa.

Longues, mabomu mengi yaliangukia kijijini, lakini baadhi yalikata waya wa simu kati ya mizinga na watu wa kuielekeza, jambo ambalo hakuna aliyelilenga na ndilo lililosaidia. Mizinga ikafyatua asubuhi hata hivyo, meli zikajibizana nayo. Pwani waliyoiita Omaha, ndege nzito za Marekani zilifika alfajiri juu ya wingu. Kwa kuogopa kupiga mashua za wenzao, waliagizwa wangoje sekunde kadhaa zaidi, hadi 30, kabla ya kuachia. Mabomu yakaenda hadi kilomita 5 ndani ya nchi. Ng'ombe tena.

Lakini mwanafunzi makini aende Pointe du Hoc.

Pale palikuwa na mizinga sita ya milimita 155 juu ya jabali la mita 30. Tarehe 25 Aprili ndege ziliipiga zikaharibu mmoja. Wajerumani wakatafakari kama ambavyo mtu yeyote angetafakari akinyeshewa mabomu, wakaihamisha ile iliyobaki, mahali pake wakasimamisha magogo. Picha kutoka juu zikaonyesha vitu virefu vinavyoitazama bahari. Na ndege zikaendelea kuja Mei, zikaja Juni, na usiku wa kuamkia tarehe 6 zikaja nyingi kuliko zote kupiga magogo.

Waingereza, katika watu wote, walipaswa kukumbuka kwamba mzinga una miguu. Mwaka 1915 waliimaliza meli ya Königsberg ndani ya delta ya Rufiji wakidhani shughuli imekwisha. Wajerumani wakaiopoa mizinga yake kumi majini, wakaitengenezea magurudumu, wakaiburuta Tanganyika nzima kwa mabega ya wapagazi. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, hadi leo. Watoto wa shule wanaupanda kupigwa picha.

Asubuhi Luteni Kanali James Rudder akafika chini ya jabali na askari 225 wa Marekani, wale walioitwa Warangers. Walikuwa na ngazi ndefu zilizoazimwa kikosi cha zimamoto cha London, zimefungwa juu ya magari yanayoelea. Magari hayakuweza kusogea kwenye jabali, kwa sababu ufukwe ulikuwa umejaa mashimo ya mabomu na makombora yaliyotumwa kuwasaidia. Ngazi moja ikanyanyuliwa kutoka majini na sajenti juu yake, akawa anayumba huku na huku kama mtu aliyepanda mnazi siku ya kaskazi kali, akifyatua kila anapopita. Wengine walipanda kwa kamba, chini ya risasi. Walipofika juu wakayakuta magogo.

Sajenti wawili, Leonard Lomell na Jack Kuhn, wakafuata alama za magurudumu kwenye kijia kilichozama kati ya nyua mbili. Zaidi ya kilomita moja kutoka baharini, ndani ya shamba la matofaa, wakaiona: mizinga mitano, imevikwa nyavu na majani chini ya miti, midomo imeelekea pwani waliyoiita Utah, makombora yamepangwa tayari kando. Hakuna aliyeilinda. Askari wake walikuwa hatua mia hivi pembeni, wamemzunguka afisa wao wanasikiliza maelekezo. Kuhn akashika zamu. Lomell akaingia na mabomu mawili ya mkono ya themaiti, yale ambayo hayalipuki bali huyeyusha, akayaweka kwenye meno ya mitambo ya kugeuzia. Akavua koti, akalifunga kwenye kitako cha bunduki ili kisitoe sauti, akavunja vioo vya kulengea. Kisha wakakimbia kuomba themaiti nyingine kwa wenzao, wakarudi wakamalizia, kimya kimya, kama warina asali.

Warangers walishikilia jabali lile siku mbili. Waliobaki wakiweza kubeba silaha walikuwa kama 90.

Wewe, nahodha, hujui lolote kati ya haya. Saa hizo umekwisha kutua. Mpiga bunduki wa mkiani, ambaye huona mambo yakiwa yamepita, ndiye aliyeona kupitia upenyo wa mawingu bahari iliyojaa meli, akaitangaza kwenye simu ya ndani, mkaelewa kwa nini samaki walihurumiwa. Umekunywa chai yenye tone la ramu. Afisa amekuuliza uliona nini, ukamwambia rangi nyekundu ndani ya wingu, akaandika. Umekula yai la kurudi. Kalale upesi. Jioni hiyo hiyo ya tarehe 6 pazia litavutwa tena, ndege 1,065 zitapangwa, na utepe utaelekea kwenye barabara na reli zipitazo katikati ya miji ya Normandy: Caen, Lisieux, Saint-Lô, Vire. Miji, kama Harris alivyopenda. Haihami, na watu wamo ndani.